Mashine Yenye Sauti Moja

Kila mwaka, theluji ya mwisho ikishayeyuka na kabla mume wangu hajaingiza plau shambani, Emmett Yowell huja kutuomba ruhusa. Ruhusa yenyewe alikwisha kupewa zamani na baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, tena akaambiwa ni ya maisha. Lakini Emmett huja tu. Huegesha pikapu yake nje ya geti, ingawa geti liko wazi, hutembea kwa miguu hadi barazani, huvua kofia kabla sijafungua mlango, kisha husema maneno yale yale.

"Bibi Ramona, nilikuwa nauliza, kama si usumbufu, mimi na mwenzangu tupitepite kwenye lile shamba la chini. Mashimo tutayafukia."

"Bwana Emmett, unajua huna haja ya kuuliza."

"Najua. Lakini mwaka nisipokuja kuuliza, ujue huyo si mimi tena."

Shamba la chini liko kati ya nyumba yetu na yake, linateremka mpaka kwenye kinamasi kando ya Mto Hazel. Udongo wake ni mwekundu kama tofali. Una chuma ndani yake, na ukiukanyaga baada ya mvua utalala nao kitandani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari walipiga kambi pale majira mazima ya baridi. Walipika, wakacheza karata, wakadondosha vitu, wakaondoka. Tangu hapo sisi tunalima mahindi juu ya walivyovidondosha. Emmett anatafuta hivyo: risasi za zamani, vifungo vya makoti, bizimu za mikanda, na siku ikiwa njema, sarafu.

Dirisha langu la jikoni linatazama huko. Mwanzoni nilimtazama kwa wasiwasi, nikiwaza ndama atavunjika mguu shimoni, au yeye mwenyewe atapiga sepetu juu ya kombora la wakati ule limlipukie. Hakuna lililotokea. Mashimo yake huwezi kuyaona hata ukiyatafuta. Basi nikabaki kumtazama kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama juu kuona kama mvua inakuja.

Kazi yake ilikuwa kuendesha greda la kaunti. Barabara yoyote ya changarawe upande huu wa mji ameisawazisha yeye, mwaka baada ya mwaka, ameketi juu ya injini inayonguruma, bila kioo, bila chochote masikioni isipokuwa kofia wakati wa baridi. Mkewe, Wilda, alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, na kicheko chake ulikisikia kabla hujaiona gari yake. Mtoto hawakujaliwa. Walichokuwa nacho ni hizi mashine za kusaka vyuma ardhini, na ubishi wao juu ya mashine.

Emmett alipenda mashine zenye sauti nyingi. Unapitisha sahani yake, ile iliyo mwishoni mwa mpini, juu ya ardhi, nayo inakwambia masikioni kilichoko chini. Chuma cheusi kinaguna. Risasi inaita kwa sauti ya kati. Fedha inapiga filimbi nyembamba, juu kabisa. "Mtu mwenye masikio hachimbi msumari," alikuwa akisema, na kila zilipotoka mashine mpya alinunua moja, akailinganisha na ile ya zamani, akatueleza sote mpaka chai ikapoa.

Wilda alikuwa na moja tu. Aliinunua kwa mtu, imeshatumika, nzito, mpini umezungushiwa utepe mweusi, betri zake unazivaa kiunoni kama mkanda. Ilikuwa na sauti moja. Ikute msumari, ikute dhahabu, yenyewe inalia moo, nzito, ya puani. Emmett aliipa jina: Ng'ombe Mgonjwa.

Wasaka vyuma wana desturi yao. Ukisikia kitu, huchimbi. Unachomeka kibendera pale, unamwita mwenzako aje na mashine yake, apitishe juu ya pale pale, na kila mmoja aseme ni nini kilichoko chini. Ndipo mnachimba, na hapo ndipo mashine zinapojulikana. Wito wao nimeusikia ukipita juu ya mabua ya mahindi miaka mingi mpaka na mimi huutumia nikimwita mume wangu aje aonje supu: "Njoo usikie kabla sijachimba!"

"Haya, yangu inasema msumari," nilimsikia Emmett siku moja nikiwa natengeneza uzio.

"Yangu inasema moo."

"Yako kila siku inasema moo, Wilda."

"Basi tuchimbe tuone leo moo ni nini."

Walichimba. Wilda akapiga magoti kwenye tope jekundu, akatoa kifungo cha koti chenye picha ya ndege tai, akakisugua kwa dole gumba na kukiinua juu kama yai.

"Bahati tu," akasema Emmett.

"Bahati tu," akamwigiza Wilda, na kicheko kile kikavuka uzio. Ndivyo ilivyokuwa. Kila alipotoa kitu kizuri ambacho mashine ya mumewe ilikiita takataka, Emmett alisema bahati tu. Udongo wetu ule wenye chuma huzidanganya mashine zenye akili nyingi. Wilda alilijua hilo. Nadhani Emmett naye alilijua.

Nyuma ya nyumba yao Wilda alikuwa na kijibustani kisichoota kitu. Alizika humo vitu vya kupimia mashine: risasi, kifungo, msumari, na sarafu ya fedha ya senti kumi, kila kimoja kwa kina chake alichokipima kwa rula ya kushonea. Alama zake zilikuwa vibanio vya nguo vya mbao, vile vya zamani visivyo na waya, maana ukiweka alama ya chuma umeharibu kipimo. Mashine yoyote mpya ya Emmett ilipaswa kupita hapo kwanza. Na sharti lilikuwa moja, vitu hivyo havifukuliwi. Kadiri kinavyokaa ardhini bila kuguswa ndivyo kipimo kinavyokuwa cha kweli. Ukikifukua mara moja tu, umerudi mwanzo.

Wilda alifariki kiangazi cha mwaka juzi, moyo, akiwa anamenya mapichi barazani. Emmett aliitundika Ng'ombe Mgonjwa bandani kwenye msumari, akaifunika kwa koti la mvua la marehemu, na sikuiona tena.

Baada ya hapo mwenzake wa shambani alikuwa Lovell Hitt, kinyozi mstaafu, mwembamba, mwenye maneno mengi. Lovell ndiye aliyemtoa Emmett nyumbani. Alikuja kila asubuhi, akapiga honi mpaka mtu atoke. Nilikuwa nikiwaona wawili wale wakitembea polepole kwenye mabua, vichwa chini, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kinyozi.

Masika haya niliwapelekea kahawa shambani, na nilikuwepo Lovell alipochomeka kibendera.

"Emmett! Njoo usikie kabla sijachimba!"

Ilibidi aite tena kwa kupunga kofia. Emmett akaja, akapitisha sahani yake juu ya pale. Akapitisha tena, taratibu. Akatikisa kichwa.

"Hapa hamna kitu, Lovell."

"Ala! Hamna kitu? Yangu inapiga filimbi hadi meno yananiuma."

"Yako bado ina utoto. Inalilia hewa."

"Haya, ngoja nichimbe hewa."

Ikatoka sarafu ndogo ya fedha, ya Kihispania, nyembamba kama ukucha, ya zile zilizotumika zamani huku. Lovell akaiweka kiganjani na kumsogezea Emmett puani. "Hewa hii hapa, bwana. Ina hata kichwa cha mfalme."

Emmett akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kufika. Akaishika mashine yake shingoni, akaitikisa kama anayemkagua kuku sokoni. "Imeugua," akasema. "Haijawahi kuniacha hivi."

Wiki iliyofuata alipata mashine mpya. Nayo ilikuwa na sauti zote. Ilimwita kwenye risasi, ilimwita kwenye vifungo. Kwenye fedha, kimya. Lovell alitoa sarafu nyingine palepale alipokuwa ameshapita yeye. "Na hii nayo imeugua," Emmett akatuambia. "Wanatengeneza vibaya siku hizi." Lakini hakuwa tena na ile sauti yake ya kutueleza mpaka chai ipoe.

Siku moja alikuja jikoni kunirudishia vikombe. Mikono yangu ilikuwa ndani ya unga, mkate wa mahindi ulikuwa ndani ya oveni, na yeye aliketi karibu yake, kiwiko kinakaribia kuigusa. Kengele ya oveni ikaanza kulia, tii, tii, tii. Nilingoja aseme, maana watu wote husema, "Ramona, mkate wako." Emmett aliendelea kunieleza habari za betri.

Binti yangu Josie alipokuwa mchanga aliugua masikio. Nilijifunza wakati ule kusimama nyuma yake na kutikisa funguo, kuona kama atageuka. Kuna siku aligeuka, kuna siku hakugeuka, na moyo wangu ulikuwa kwenye zile funguo kwa muda mrefu mpaka akatibiwa. Tangu hapo siwezi kukaa na mtu bila kuangalia anageukia nini.

Nikafuta mikono. Nikachukua funguo za gari ndoanoni, nikapita nyuma ya kiti chake, nikazitikisa. Hakugeuka.

Nilimsindikiza barazani. Akasimama akivaa kofia, akatazama kinamasi. "Unajua, Ramona, vyura mwaka huu hawajaja. Ule ukame umewamaliza."

Na kinamasi chote kilikuwa kinapiga kelele. Vile vyura vyetu vidogo, ambavyo ukubwa wake ni kama ukucha wa dole gumba, vilikuwa vikilia kwa maelfu, sauti nyembamba juu ya sauti nyembamba, mpaka hewa inatetemeka. Mbwa wangu alikuwa amekwenda kujificha chini ya gari kwa ajili yao.

"Labda watakuja," nikasema.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Ijumaa akarudi, akavua kofia nje ya mlango kama anayekuja kuomba ruhusa, ingawa alishapewa. Hakutaka kuingia.

"Nimekuja kukwambia ili mumeo asishangae. Mwakani huenda nisije."

"Una nini, Bwana Emmett?"

Aliizungusha kofia mkononi. "Mama yangu alianza hivi hivi. Kitu kiko mbele yake, hakioni. Anashika kijiko, anatafuta kijiko. Tukacheka mwanzoni. Mwisho hakunijua mimi ni nani. Jana nimepita kwenye bustani ya Wilda. Kwenye senti kumi. Mashine zote mbili, hamna. Mahali ninapopajua, Ramona! Nilimshikia rula mwenyewe."

"Labda..."

"Kesho naifukua. Kama haipo, basi kuna mtu ameichukua, au panya-buku ameihamisha, na mimi ni mzima. Kama ipo..." Akavaa kofia. "Kama ipo, nitampa Lovell mashine zote. Sitaki kuonekana nikitangatanga kwenye shamba la watu na fimbo mkononi, sijui natafuta nini."

Nilifungua mdomo, lakini alikwisha kushuka ngazi, na kumpigia kelele mtu kwa nyuma kwamba hasikii, hilo sikuliweza. Nikampigia simu Josie, ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe.

"Mama, mwambie."

"Nimwambieje? Mtu mzima yule. Atadhani namtukana."

"Mimi si ulinipeleka kwa daktari napiga mateke?"

"Wewe ulikuwa mtoto, na ulikuwa wangu."

"Na yeye ana nani?"

Asubuhi nikakata nyama ya nguruwe ya chumvi, nikaitia ndani ya mikate midogo ya moto, nikaifunga kwa kitambaa. Siwezi kwenda kwa mtu na maneno mazito mikono mitupu. Kulikuwa na manyunyu, mawingu yamekaa chini, na siku kama hizo vyura hawangoji jioni. Nilipovuka shamba la chini walikuwa wakilia kila upande wangu.

Emmett alikuwa amesimama kwenye kijibustani kile akiwa na sepetu. Mashine tatu zilikuwa zimelazwa juu ya kitambaa cha meza cha plastiki: ile yake ya zamani, ile mpya, na ya Lovell. Lovell mwenyewe alikuwa ameegemea pikapu, hana hata mzaha mmoja, nikajua ameambiwa.

"Umechelewa, Ramona," Emmett akasema. "Nimeshazipima. Lakini nitapima tena mbele yako, usije ukasema nilikurupuka."

Akavaa hedifoni masikioni, akaanza na ile ya zamani. Juu ya kibanio cha risasi aliitikia kwa kichwa. Juu ya kifungo, akaitikia. Juu ya msumari akakunja pua, kama anavyofanya siku zote mashine ikiguna. Alipofika kwenye kibanio cha mwisho alipitisha sahani kushoto, kulia, kushoto, kisha akasimama. Akaiweka chini, akachukua mpya. Akaiweka chini, akachukua ya Lovell. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe asifunguliwe.

"Mmeona," akasema. Akavua hedifoni, akashika sepetu, akaweka mguu juu yake.

"Bwana Emmett, subiri," nikasema. "Nipe mimi nisikilize."

Wote wawili walinitazama. Miaka yote ile sikuwahi kuigusa mashine yao hata moja. Lovell akanivalisha hedifoni, akanipa mashine yake, akanishika mkono kunionyesha namna ya kuinyoosha. Niliipitisha juu ya kibanio kile, na pale pale ikanilia masikioni, nyembamba, safi, kama kijiko kinavyogusa ukingo wa glasi.

"Inaita," nikasema.

"Usinibembeleze, binti."

"Inaita, Bwana Emmett. Inaita sana. Lovell, njoo usikie."

Lovell akasikiliza. Akanitazama mimi, akamtazama Emmett, akavua hedifoni polepole. "Emmett, inapiga filimbi hiyo."

"Mbona mimi..."

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima, na yote yakanipotea. "Sasa hivi," nikamuuliza, "unawasikia vyura?"

"Vyura gani?"

Lovell aligeuza uso kuelekea kinamasi, ambako kelele ilikuwa imejaa kama maji, kisha akaangalia viatu vyake. Emmett alimwona. Alinitazama na mimi. Akaivua kofia na kuinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza kwa nguvu zake zote, mdomo wazi kidogo, na manyunyu yakamlowesha upara.

"Wapo?" akauliza.

"Wapo. Tangu mwanzo wa mwezi."

"Wengi?"

"Wengi. Oveni yangu pia ilikulilia ubavuni siku ile ya vikombe, hukuigeukia. Ni sauti za juu tu, Bwana Emmett. Maneno yetu unayapata. Ni lile greda lako. Kichwa chako ni kizima, ni masikio."

Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kwa muda sikujua kama amekasirika. Nilishika kile kitambaa cha mikate kama mtu aliyeshika mtoto.

"Si kichwa," akasema.

"Si kichwa."

"Una hakika."

"Nimelea mtoto wa masikio. Nina hakika."

Hapo Lovell alishindwa kuvumilia. "Miaka yote nimekata nywele kuzunguka hayo masikio, kwa uangalifu, nisiyaguse na mkasi, kumbe ni mapambo!"

Emmett akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti, akacheka mpaka ikawa si kicheko tena, na sisi tukatazama pembeni tukampa nafasi. Aliponyamaza alijifuta kwa kofia.

"Mwaka jana nao sikuwasikia," akasema. "Wilda alikuwa akifungua dirisha kwa ajili yao. Walipokosa kulia mwaka ule, nilidhani... nilidhani ni kwa sababu yake."

Nilimpa mkate. Alikula, na mimi nikala, na Lovell akala miwili. Baadaye Lovell akachukua ile mashine mpya akasema hizi za siku hizi unaweza kuziambia zibadili sauti, fedha iite kwa sauti ya chini. Akabonyeza kitufe kimoja, akabonyeza kingine, kioo kikawaka rangi, na mashine ikaanza kulilia nyasi, ikaulilia mguu wake wa kushoto, ikamlilia Emmett.

"Iache, Lovell. Unaitesa." Emmett akaitazama sepetu. "Basi ndiyo hivyo. Fedha sitaisikia tena. Afadhali najua." Lakini alilisema kama mtu anayefunga geti, na niliogopa lile geti kuliko nilivyoogopa habari za kichwa.

"Ile ya Wilda," nikauliza, "yenyewe inaitaje?"

"Ile haiiti. Ile inaumwa."

"Inaumwaje?"

"Inalia moo tu, kila kitu moo, chini hu..." Akasimama katikati ya neno.

Aliinuka kwenye ndoo. Alikwenda bandani akakaa huko kidogo kuliko tulivyotegemea, au zaidi, sijui. Alitoka amejifunga ule mkanda wa betri kiunoni. Ulikuwa na tundu za Wilda, ukamlegea, akaushikilia kwa mkono mmoja. Lovell alikimbilia betri mpya kwenye pikapu. Wakahangaika na kifuniko, wakalaumiana, kikakubali. Mpini ulikuwa bado na ule utepe mweusi, na mahali pa kiganja cha Wilda palikuwa pameng'aa.

Emmett akavaa hedifoni. Akapitisha sahani juu ya kibanio cha mwisho.

Tuliona mgongo wake tu. Mgongo ukasimama. Akapitisha tena, polepole sana, kama mtu anayetandika kitanda ambacho mtoto amelala. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kibendera, akakichomeka kando ya kile kibanio cha mbao. Na kwa sauti ile ya shambani, ile ya kuvuka mabua, bila kutugeukia, akasema:

"Njoo usikie kabla sijachimba."

Lovell alipiga hatua, akidhani ameitwa. Nikamshika mkono wa koti, akaelewa, akabaki.

Sepetu hakuigusa. Senti kumi ipo mpaka leo pale Wilda alipoiweka, na kibendera kipo.

Habari za masikio bado tunazungumza. Ameahidi kwenda kwa daktari mahindi yakishapandwa, na mimi ni mtu wa kukumbusha, ananijua. Lakini shambani alirudi Jumatatu ile ile, amejifunga mkanda alioutoboa tundu mpya kwa msumari, na wiki ile nilicheka peke yangu jikoni kuliko mwaka mzima uliopita. Mashine ya sauti moja haikuchagulii. Unachimba kila kitu. Mtu aliyejisifu maisha yake yote kwamba hachimbi msumari alichimba misumari, akachimba boliti za trekta letu, viatu vya farasi, vifuniko vya bia za vibarua wa baba mkwe wangu, na kipande cha plau ambacho mume wangu alikuwa amekitafuta siku nyingi. Alivileta vyote barazani ndani ya ndoo, goti limejaa tope jekundu, akimlalamikia Wilda kana kwamba ameingia ndani kunawa tu. "Alinificha huyu. Hakusema kama mgongo unauma hivi. Yeye akicheka!"

Siku ya mwisho kabla ya plau kuingia niliwapelekea kahawa tena. Emmett alikuwa amechomeka kibendera karibu na miti, amemwita Lovell. Lovell alipitisha mashine yake yenye kioo, akaitazama namba, akapuliza midomo.

"Msumari. Twende zetu, Emmett, mvua hiyo."

"Yangu inasema moo."

"Yako inasema moo tangu Jumatatu, bwana!"

"Basi tuchimbe tuone."

Akapiga magoti taratibu, goti moja, halafu la pili. Alikata donge kwa sepetu, akalivunja kwa vidole, akatema mate kwenye kitu kidogo na kukisugua kwa dole gumba. Tai akaonekana, mabawa yake yote mawili, kijani kidogo ukingoni. Kifungo kizima, hata kitanzi chake cha nyuma hakijavunjika.

Lovell aliinama akakitazama, akaitazama mashine yake, akakitazama tena.

"Bahati tu," akasema.

Emmett alibaki amepiga magoti pale kwenye udongo wetu, kifungo kiganjani, akimtazama Lovell kwa uso uliojaa furaha ambao sikuwa nimeuona tangu mapichi yale.

"Hebu sema tena," akamwambia.